Mir Ilipopita Juu ya Wembley

Majira yale ya baridi nyumba yetu ya Wembley ilinukia udi na makoti yaliyolowa. Nyanya, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Mombasa kukaa nasi, na kila nikirudi shuleni nilimkuta ameyatandaza makoti juu ya redieta ya kupasha nyumba joto, chetezo kikifuka moshi pembeni. Nilikuwa na miaka tisa. Kiswahili nilikielewa, lakini nikisemeshwa nilijibu kwa Kiingereza, lugha ambayo Nyanya hakuijua. Kwa hivyo mazungumzo yetu mengi yalikuwa ya kutikisa vichwa na kucheka.

Jioni moja televisheni ilionyesha Mir, kituo cha anga cha Warusi kilichokuwa kikiizunguka dunia tangu kabla sijazaliwa. Kimechakaa, walisema, na karibuni kitaangushwa baharini. Nyanya hakuelewa maneno. Aliona tu picha ya chuma kikubwa kikishuka huku kinawaka moto. Akainuka, akaenda chumbani kufunga sanduku lake. Mama alikuwa zamu hospitalini. Hapakuwa na wa kumweleza ila mimi.

"Nyanya, usiende," nilisema. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsemesha kwa Kiswahili.

"Chuma chataka kutuangukia, nawe waniambia nisiende?"

"Si hapa. Baharini. Mbali sana. Watu wanakiendesha kutoka chini."

Neno "kuzunguka" lilinipotea, basi nikachukua chungwa na kulipitishia kidole pande zote. Nyanya alikifuata kidole kwa macho.

"Na waliomo ndani?"

"Wameshuka. Wamerudi kwao."

Akaketi kitandani. "Maskini, nyumba tupu," akasema. Kisha, baada ya kufikiri: "Twaweza kuiona?"

Nilipomweleza mama, aliuliza kazini, akaambiwa saa ambayo Mir ingepita juu yetu. Jioni ya kwanza tulisimama nyuma ya nyumba, karibu na mapipa ya taka, tukaona mawingu tu. Ya pili mbingu ilikuwa safi, na mara nukta nyeupe ikatokea juu ya mapaa, ikaenda kimya bila kumetameta. Nyanya alitoa mkono ndani ya shali, akaipungia. "Haya, nenda salama," aliiambia, na mimi nikapunga pia.

Mir iliposhuka baharini, Nyanya alitazama habari akiwa ametulia, akinitaka nimfasirie kila neno. Alikaa nasi mpaka miti ikachanua.

Leo naishi Barking, upande mwingine wa London. Kituo kingine, kikubwa kuliko kile, hupita juu yetu na watu wamo ndani, na simu yangu hunijulisha kabla hakijatokea. Watoto wangu hukitazama kidogo, wakarudi ndani kwa sababu ya baridi. Nyanya ni mzee sana sasa, na kila Jumapili mimi na yeye hupigiana simu ya video. Hunisahihisha Kiswahili changu, nami hubishana naye, na mama, aliyeketi kando yangu, hulalamika kwamba hatumpi hata nafasi ya kumsalimu mamake.