Bega la Sifuna

Sifuna alikuwa na bega moja lililoshinda mwenzake kwa unene. Ukimtazama kwa nyuma akienda zake, ungedhani bado kuna kitu amekibeba. Lilikuwa bega la kulia, na ndilo lililompatia kazi kwa Bwana Prentis, mwenye kampuni ya safari za kuwinda. Ofisi ilikuwa mjini, na nyumba yake Kilimani, wakati ule Kilimani ikiwa ya Wazungu na bustani zao, na sisi wengine tukipita kwa nyuma, kwenye njia ya jikoni.

Kazi ya Sifuna kwa jina ilikuwa kupakia lori na kusimamisha hema. Lakini kazi yake hasa, ile aliyojulikana kwayo, ilikuwa kumbeba mgeni, yaani Mzungu aliyelipa ili awinde. Mgeni akishaua simba au nyati, kikosi kizima kilitoka kambini kumlaki na matawi mkononi, wakigonga vifuniko vya sufuria. Odero mpishi aliongoza wimbo. Sifuna alipiga goti, mgeni akakaa begani, akainuliwa juu akazungushwa hema zote kama bibi harusi. Na waliporudi Nairobi ilikuwa vivyo hivyo. Lori liliingia mjini likipiga honi, pembe zimefungwa mbele, vijana juu wakiimba, mpaka mbele ya hoteli kubwa. Hapo Sifuna alimshusha mgeni kutoka kwenye lori, akampandisha ngazi, akamweka mlangoni. Mlango wenyewe hakuupita hata siku moja. Mtu mweusi aliingia hoteli ile akiwa na trei mkononi, au hakuingia.

Sasa, Wazungu walidhani wanabebwa kwa sababu wameua. Hawakuuliza, na hakuna aliyejisumbua kuwaambia. Sheria ya kikosi cha Sifuna ilikuwa nyingine: hubebwa aliyesimama. Mnyama anapokuja mbio kuna wa kusimama na kuna wa kutimua mbio, na yule aliyesimama ndiye wa begani, awe ameua au hakuua. Kwa kuwa mara nyingi aliyesimama ndiye aliyepiga, mambo hayo mawili yalikwenda pamoja miaka mingi bila kugongana. Isipokuwa mara moja, fisi alipoingia jikoni mchana kweupe na Odero akasimama naye uso kwa uso, mwiko mkononi, mpaka fisi akaona haya. Siku ile walimbeba Odero. Bwana Prentis alicheka mpaka akakaa chini. Alidhani ni mzaha.

Kubeba kichwani Sifuna alikukataa tangu ujana. Baba yake alikuwa mpagazi wa safari za kale, kabla ya lori, watu mia wakienda kwa miguu na vitu vya mzungu mmoja: vitanda, chupa, hata bafu ya bati. Mzee alirudi kwao Kimilili, magharibi, na utosi usioota nywele, duara ukubwa wa kisahani cha chai, laini kama ngozi ya mtoto. Watoto walipenda kuugusa. Mvua ikikaribia, mzee aliushika kwa viganja viwili akanyamaza, na nyumba yote ikanyamaza naye. Sifuna akaapa: mzigo wangu utakaa popote, lakini juu ya kichwa changu hapana.

Rafiki yake mkubwa kazini alikuwa Hezekiah Muthama, Mkamba wa Mbooni, mbeba bunduki. Yaani alitembea nyuma ya mgeni na bunduki ya pili, akimpa ya kwanza ikiisha risasi. Kuipiga mwenyewe hakuruhusiwa. Walilala hema moja, na utani wao haukuisha.

"Nyinyi watu wa magharibi," Hezekiah alimwambia, "kuku akiwaona anaandika wosia."

"Na nyinyi mkicheza ngoma mnaruka juu hivyo mnatafuta nini? Mvua?"

"Tukiipata utaomba."

Mwaka hamsini na saba akaja Mmarekani mmoja, mtu wa afya na meno mengi. Odero alimwita Bwana Sosi, kwa sababu kila alichopikiwa alikimiminia sosi ya chupa kabla hajakionja. Huko upande wa Narok alipiga nyati, akamjeruhi vibaya, nyati akaingia kwenye vichaka vya leleshwa. Wakamfuata, maana nyati aliyejeruhiwa haachwi. Bwana Prentis alizunguka upande wa pili. Nyati hakumngojea. Alitoka upande wa mgeni.

Bwana Sosi akatupa bunduki. Nisimseme sana, wengi wetu tungeitupa. Alikimbia akapanda lori mpaka juu ya turubai, alikokuwa Sifuna. Aliyebaki chini ni Hezekiah. Alikuwa na bunduki ya pili mkononi na amri ya kutoipiga. Akavua kofia, akaipunga na kupiga kelele, akamvuta nyati mbali na lori, na nyati akaenda naye. Bwana Prentis alipofika na kupiga, Hezekiah alikuwa ameshakanyagwa nyonga.

Jioni ile hawakuimba. Bwana Sosi hakuuliza kwa nini.

Hezekiah alilala miezi katika hospitali ya serikali, kule mtaa wa Hill. Sifuna alimpelekea uji kila alipopata nafasi, akitoka Kilimani kwa miguu. Hezekiah alitoka pale na mkongojo, mguu mmoja ukiburuzika, na kazi akawa hana, kwa sababu kampuni ya safari itafanya nini na mtu asiyeweza kutembea. Hivyo ndivyo alivyoambiwa, kwa upole. Kichwa cha nyati kilipelekwa kwa fundi wa mjini akakijaza, akakitia macho ya kioo.

Baada ya mwaka Bwana Sosi akarudi kukichukua, akiwa na mke wake na mashine ya kupigia sinema. Bwana Prentis akaandaa sherehe mchana, nyumbani. Alialika wazee wa Kizungu waliokuja nchini mapema, wale waliokaa verandani wakisikitikia siku zao. Sifuna aliwasikia mara nyingi. Siku zile, walisema, wapagazi mia wakiimba asubuhi. Siku zile hakukuwa na lori la kunuka mafuta. Alipowasikia aliona utosi wa baba yake. Na sasa bwana aliwaahidi kitu cha kuwarudisha ujana: kikosi kizima, wimbo, na mgeni begani, bustanini, mbele ya kichwa cha nyati.

Sifuna alikaa chumba kimoja nyuma ya nyumba hiyohiyo, na mke wake Nakhumicha, aliyekuwa dhobi wa bwana, na binti yao Peres. Kazi mbili na chumba, vyote mikononi mwa mtu mmoja. Asubuhi ya sherehe alimwambia mkewe, "Mimi yule simbebi."

Nakhumicha alikuwa akinyoosha vitambaa vya meza. Hakuinua macho. "Umebeba wangapi?"

"Wengi."

"Wote walikuwa malaika?"

"Walisimama."

"Baba Peres, ni kuzunguka bustani tu. Ukimbeba utamshusha. Usipombeba, kesho kitanda chetu kiko barabarani. Utamwambia Peres alale kwenye bega lako?"

Sifuna akaenda kupanga viti.

Saa nane Hezekiah akafika. Alikuwa ameambiwa waje wote waliokuwepo siku ya nyati, naye alikuwepo kuliko wengine. Alivaa koti la kanisani na kofia, viatu amevipaka rangi, hata mkongojo ameupangusa. Bwana Prentis akamkuta langoni, akamtazama juu hadi chini.

"Muthama, wewe hapana simama na wengine. Kaa jikoni. Hii sinema, iko mguu mbaya, iko fimbo, taharibu picha. Chai iko."

"Ndiyo, bwana," akasema Hezekiah, akaenda zake jikoni na mguu wake, akaketi juu ya kreti ya soda.

Nakhumicha alipita na sinia, akamwona amekaa vile, mkono juu ya vifungo vya koti. Akaweka sinia chini. "Mzee wa Mbooni, mbona hapa?"

"Naharibu picha, mama."

Sifuna naye alikuwa mlangoni, amesikia.

"Usinitazame hivyo, Sifuna," Hezekiah akasema. "Mbebe tu. Mimi nimezoea. Na ana uzito, kumbuka kupiga goti vizuri."

"Wewe una uzito gani?"

"Mimi? Tangu hospitali? Kuku mmoja wa kwenu."

Sifuna akamwangalia mkewe. Nakhumicha aliinua sinia yake. "Nyakio anayetuletea mboga alisema kwao Waithaka kuna chumba," alisema, kama mtu anayezungumza habari za mboga, akatoka.

Bustanini wazee wa Kizungu walikuwa wamepangwa vitini chini ya miamvuli. Kichwa cha nyati kilikaa juu ya meza yenye kitambaa, kinatazama watu kama mwenye nyumba. Bwana Sosi alisimama kando yake na kofia mpya. Mke wake akainua mashine. Odero akaanza wimbo, matawi yakapepea, vifuniko vikalia, kikosi kikaja mbio kutoka upande wa jikoni kama ilivyopangwa, Sifuna mbele. Bwana Sosi akafungua mikono tayari kukaa.

Sifuna alimpita. Alizunguka meza ya nyati, akarudi njia ya jikoni, na kikosi chote nyuma yake wakiimba, kwa kuwa kikosi humfuata mwenye bega. Mbele ya kreti ya soda akapiga goti, vizuri kabisa.

"Panda."

"Sifuna, acha wazimu. Utafukuzwa."

"Panda, bwana. Magoti yanauma."

Odero alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa. Bila kukata wimbo akamshika Hezekiah kiunoni akamketisha begani, akampa mkongojo wake mkononi. Sifuna akainuka. Hezekiah alikuwa amesema kweli, hakuwa na uzito. Hilo ndilo lililomchoma Sifuna kuliko neno lolote la langoni. Bega lililobeba matajiri wa nchi zote sasa lilikuwa kama limebeba koti.

Wakatoka naye jikoni. Wakazunguka bustani nzima, wakapita mbele ya veranda, mbele ya nyati, Hezekiah juu, amenyooka, mkongojo ameuinua kama bunduki. Bwana Prentis alikuja haraka kando ya Sifuna, akisema kwa sauti ya chini, "Nafanya nini wewe? Weka chini. Weka chini mara moja."

"Bado hatujamaliza kuzunguka, bwana."

Na angefanya nini? Wazee wa Kizungu walikuwa wanapiga makofi. Mama mmoja mzee wa kofia ya manyoya alitoa kitambaa akafuta macho, akisema hivyo hasa ndivyo ilivyokuwa zamani, hivyo hasa. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Hakuna aliyejiuliza kwa nini aliye juu ni mweusi na ana mguu unaoning'inia. Mke wa Bwana Sosi aliendelea kupiga sinema, akigeuka taratibu kuwafuata.

Bwana Sosi peke yake ndiye hakupiga makofi. Alishusha mikono. Hezekiah alipopitishwa mbele yake, wakatazamana, na Mmarekani akavua kofia, akaishika kifuani. Kama ni heshima au ni joto, mimi siwezi kusema. Hezekiah hakuvua yake. Ile aliyopungia nyati ilikwisha zamani, na hii alikuwa ameinunua kwa ajili ya leo.

Wageni walipogeukia vinywaji, Bwana Prentis alifika mlango wa jikoni.

"Kesho mimi hapana taka ona wewe. Na bibi yako."

"Ndiyo, bwana."

"Kwa nini wewe fanya mimi hivi? Mbele ya watu?"

"Bwana, wewe ulikuwepo siku ile."

Bwana Prentis akamtazama Hezekiah, aliyekuwa anakunywa ile chai aliyoahidiwa. Kisha akageuka, akaenda kwa wageni wake.

Sifuna alipofika chumbani akakuta godoro limeshakunjwa na kufungwa kamba, sufuria ziko ndani ya karai, na Peres amevaa viatu.

"Umejuaje?" akauliza.

"Nilianza kukunja ulipompita Mzungu," Nakhumicha akasema. "Lilikuwa bega zuri leo. Sasa lishike godoro."

Hawakungoja kesho. Jua lilikuwa bado juu. Godoro likakaa bega la kulia. Nakhumicha akavingirisha kanga akafanya kata ya kichwani, akaielekeza kwa mumewe pamoja na sanduku la nguo.

"Hili litakaa hapa kichwani, tuende safari moja."

"Kichwani hapana."

"Ni mbali, Baba Peres. Na hapa umeshafukuzwa, utarudije?"

"Kwa njia ileile niliyoingilia. Nitaingia langoni mchana, nichukue sanduku langu, na atakayetaka kupiga sinema apige."

Hezekiah, aliyekuwa amemfuata Sifuna hadi chumbani, akacheka mpaka akashika ukuta. Akachukua karai la sufuria, akalipachika kwenye mkongojo, na kila alipopiga hatua vifuniko vikalia. Hivyo ndivyo walivyoishika njia ya Dagoretti kuelekea Waithaka, wakisikika kabla hawajaonekana.