Seva Ilivyokwama Saa Nne

Nilipoajiriwa Kitale kama mtaalamu wa kompyuta, kampuni yetu ya mbegu ilikuwa na watu sita, sote tukitumia seva moja. Nikaiwekea programu ya utani. Ikifika saa nne, inamwambia kila mtu chai iko jikoni, na haijifungi mpaka ajibu “naja”. Mama Nekesa wa stoo alikuwa akijibu huku akicheka, kisha tunakwenda wote.

Siku hizi tuna ofisi mpaka Bungoma, zote kwenye seva ileile, na kila mtu hunywa chai mezani pake. Kompyuta mpya hazikuonyesha ule ujumbe, nami nikausahau.

Mwezi uliopita, wafanyakazi walipozidi kuongezeka, seva ikaanza kukwama kila siku saa nne ikipita. Memori inajaa, wakulima wanasimama kaunta wakingoja mbegu na mvua imeshaanza. Mimi mtaalamu nikawaandikia wafanyakazi wote kwamba kuna mtu anachezea seva, na nitamwanika.

Jumatatu nikawakusanya, nikaonyesha ukutani orodha ya programu zinazokula memori. Ilikuwa programu moja tu, imefunguka mara nyingi hadi orodha ikaujaza ukuta, na kando ya kila mstari palikuwa na jina la aliyeiweka. Jina langu.

Mama Nekesa, ambaye anastaafu mwaka huu, alivaa miwani akasogea karibu na ukuta.

“Si hii ni ile chai yetu?” akauliza. “Kumbe miaka hii yote imekuwa ikituita, bana, na hakuna mtu anajibu.”