Tebo ya Nane

Msinipe pole. Hasira zangu nazipenda, zimenitunza.

Tulikaa Lionja, miaka ile matrekta ya wazungu yaking'oa misitu ya Nachingwea wapate kulima karanga. Shuleni wasichana tulikuwa wachache. Nilikuwa nimemaliza tebo ya saba ya kuzidisha, na mwalimu wetu mzee aliniahidi kwamba nikifika ya kumi na mbili atanisemea kwa baba niendelee darasa la tano. Wallahi, nililitaka darasa hilo kuliko nguo ya Idi.

Kabla hatujaanza ya nane, nikavunja ungo. Bibi, mama yake mama, akanitia ndani, unyagoni.

Mwali hasemi ovyo wala hatoki. Nilipewa karanga nimenye. Siku moja nikazipanga mkekani mistari saba, kila mstari karanga nane. Nikahamia ubavuni mwa mkeka, nikaona mistari minane ya saba saba. Lo! Hamsini na sita zilezile. Kumbe sehemu kubwa ya tebo ya nane nilikuwa nayo siku zote, ila nilikuwa sijaigeuza. Nikacheka peke yangu mpaka bibi akauliza nani kaniroga.

Siku ya kutoka nilipewa jina jipya, kama ilivyo kwetu.

"Lile la utoto tumelizika, mjukuu wangu," bibi alisema. "Ukiliitikia, unamzika mama yako."

Nani angethubutu?

Nikarudi shuleni na khanga mpya. Mwalimu mzee alikuwa amehamishwa, na aliyekuja alikuwa kijana wa Tanga asiyetujua. Akaita majina. Likafika langu la zamani, nikainamisha kichwa. Akalirudia. Wenzangu nao kimya, maana kumtaja aliyechezwa unyago kwa jina la utoto ni tusi. Mwishowe mmoja akasema, "Huyo hayupo tena, mwalimu." Wala hakudanganya.

"Inna lillahi," mwalimu alisema kwa upole, akalifuta. Kisha akanitazama. "Na wewe?"

Nikamtajia jina jipya. Akalitafuta.

"Humu halimo, binti. Na darasa limejaa. Nenda nyumbani."

Kumweleza kwamba aliyefutwa ni mimi kungekuwa kuliitikia lililozikwa. Nikaenda. Nilimwomba baba aniendee kwa mwalimu, naye akajibu kwamba posa imeshaletwa, mwali anatafuta nini tena shuleni? Nililia mpaka sauti ikakauka.

Kesho yake nilisimama nyuma ya ukuta wa darasa. Ndani walikuwa wanaanza tebo ya nane. Nikaenda nao kimoyomoyo mpaka nane mara saba, sikukosea hata mahali pamoja. Nane mara nane ikanishinda. Hiyo hata ukiigeuza ni ileile, mtu hana budi kufundishwa.

Nikatega sikio nisikie jibu. Halijatajwa, bibi akaniita kutoka njiani, kwa jina jipya.

"Abee," nikaitika.