Hina ya Mkono Mmoja

Nakumbuka Alhamisi moja, jua likiwa limekwisha kupanda, niliingia kijiji cha Bodo na bunda la magazeti begani, nikasikia vigelegele. Nikatabasamu peke yangu njiani. Nilijua kwamba kesho yake kulikuwa na harusi katika nyumba ya jirani wa shangazi yangu, nikadhani wanawake wameanza mapema. Mwanangu, tabasamu lile linanitia haya mpaka leo.

Lakini nikurudishe nyuma kidogo, upate kujua lile bunda lilitoka wapi.

Mimi ni mtu wa Bongwe. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza kidato cha nne, na miguu yangu haitulii. Nilikuwa nimelinda lango la hoteli kule Diani miezi mitatu, nikaacha. Nilikuwa nimeuza madafu, nikaacha. Pale Ukunda kulikuwa na gazeti dogo la wiki, kurasa nane tu, likiandika habari zetu sisi: kisima kipi kimekauka, nani amechaguliwa kuongoza soko, timu gani imefungwa. Mhariri alikuwa Bwana Zani, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya chini. Ili apate wasomaji wapya wa kudumu akatangaza shindano: atakayeandikisha wasomaji wengi kuliko wenzake atapewa pikipiki. Mwezi wa kwanza gazeti lilikuwa bure. Mtu alitaja jina lake, la baba yake na la kijiji chake, akatia sahihi au dole gumba, basi.

Pikipiki yenyewe ilisimamishwa mbele ya ofisi, nyekundu, imefungwa utepe mweupe kwenye usukani. Nilikwenda kuitazama kila siku kama mtu mwenye ndugu aliyelazwa hospitali. Nilikuwa nimeshajiona juu yake nikipita Msambweni, nikipita Lungalunga, sijui nakwenda wapi, nakwenda tu.

Mwanzoni niliandikisha watu wa kweli. Nilizunguka Bongwe nzima, nikaingia Ukunda kwa vinyozi na mafundi cherehani. Halafu watu wakaniishia. Ikaja habari kwamba mwalimu mmoja wa kike wa Msambweni amenipita, tena mbali. Rafiki yangu Rama akanicheka mbele ya watu.

“Athumani, wewe utapanda kifuniko cha sufuria. Pikipiki mwachie mwalimu.”

Wakacheka wote. Nikarudi nyumbani nimeuma meno, nikafungua sanduku langu, nikatoa daftari la mpira. Nilipokuwa shuleni nilikuwa mwandishi wa timu ya Bongwe, na kabla ya kila mchezo niliandika majina ya wachezaji wa pande zote mbili, kamili, jina na la baba, kwa sababu refa wetu alikuwa mkali. Kulikuwa na ukurasa wa Bodo, wachezaji kumi na mmoja. Nikawaandika wote katika fomu za gazeti. Sahihi nikazibuni, nyingine kwa mkono wa kushoto zisifanane. Wa kwanza katika orodha alikuwa golikipa, Salimu Bakari Gadi.

Usidhani nilitetemeka. Nilipiga mluzi. Nilijiambia kwamba wakiletewa gazeti la bure watashukuru.

Alhamisi ile gazeti likatoka na safu nzima ya “Karibuni Wasomaji Wapya”, kila jina na kijiji chake. Kanuni ilimtaka kila mshindani apeleke nakala za kwanza yeye mwenyewe. Nikapanda gari mpaka Msambweni, nikashika njia ya Bodo. Sikujua kwamba nakala moja imenitangulia. Mtu aliyetoka sokoni alfajiri alikuwa nayo, na mwenye duka la kijiji alikuwa ameshaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya wateja wake.

Basi nikafika na tabasamu langu. Uani kwa jirani kulikuwa na umati. Katikati mama mmoja wa makamo anacheza, kanga imemteleza begani, ameliinua gazeti juu ya kichwa kwa mikono miwili. Huyo alikuwa Bi Mwanajuma, mama yake Salimu. Hakujua kusoma. Alikuwa ameonyeshwa jina lilipo, na kila aliyeingia akamwonyesha kwa kidole mahali palepale.

“Yu hai mwanangu! Salimu yu hai! Anasoma gazeti!”

Nikasimama.

Habari ya Salimu nilikuwa nimewahi kuisikia kwa shangazi, ikaingia sikio hili ikatokea lile. Miaka mitano kabla ya siku hiyo alitoka nyumbani asubuhi akisema anakwenda Lungalunga kuchukua mbuzi wawili, na jioni atarudi. Hakurudi. Alitafutwa mpaka ng’ambo ya mpaka, polisi na hospitali, hakuna aliyemwona. Mkewe, Mwanasha, alibaki humo humo kwa mama mkwe akimngoja, mpaka Kadhi wa Kwale akamwachilia. Akakaa eda kama mjane. Na harusi ile niliyodhani imeanza mapema ilikuwa yake yeye, aolewe Ijumaa na fundi wa madirisha kutoka kijiji cha Shirazi, mtu mpole aliyemsubiri bila kumharakisha.

Sasa nilimwona Mwanasha kwa mlango uliokuwa wazi. Amekaa juu ya mkeka, miguu ameinyosha. Mkono wa kulia umejaa maua ya hina mpaka kwenye kiwiko. Wa kushoto mtupu. Mchoraji ameshika kijiti chake hewani, hajui aendelee au akiweke chini. Mjomba wa bwana harusi alikuwa ameshasimama, anatafuta viatu vyake.

“Sisi hatuoi mke wa mtu,” alisema, kiatu kimoja mkononi.

Bi Mwanajuma akaliona bunda begani mwangu.

“Shikamoo mama,” nilisema.

“Marahaba, marahaba, baba! Ndiwe wa gazeti? Ndiwe uliyemwandika?” Akanishika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa vya moto. “Niambie. Amekonda?”

Watu wakatusogelea.

“Bado anachechemea ule mguu alioumia mpirani? Alikwambia anakaa wapi? Aliniuliza mimi?”

Mwanangu, hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Neno moja lingetosha. Nikajibu hivi: “Watu walikuwa wengi, mama. Sikumtazama sana.”

Basi! Vigelegele vikapanda tena. Mama akaniachia, akaingia ndani mbio, akatoka amekumbatia godoro la mwanawe, akalianika juani. Akamwita mtu amkamatie kuku. Akaitisha kanzu iliyokuwa imekunjwa miaka mitano ipigwe pasi. Nikaona kwa macho yangu jinsi uongo wa pili unavyotandikiwa kitanda. Na kule ndani Mwanasha hakulia wala hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia kama si wake.

Shangazi yangu akanivuta kwa shati mpaka jikoni kwake. Alikuwa anakuna nazi ya harusi. Akakaa tena juu ya mbuzi, akakuna kidogo, akaacha.

“Athumani. Umemwona Salimu?”

“Shangazi, mimi niliandika...”

“Sikukuuliza umeandika nini. Nimekuuliza umemwona?”

“Sikumwona.”

“Jina lake umelitoa wapi?”

Nikamwambia habari ya daftari. Nikamwambia na habari ya pikipiki. Nilitaraji anipige kwa kile kifuu alichokishika, na ningefurahi. Akakiweka chini taratibu.

“Nilikubeba mgongoni wewe,” alisema. “Nilikuombea dua ulipokuwa na surua. Leo umekuja kijijini kwangu kunifufulia maiti.” Akafuta machozi kwa nyuma ya mkono, mkono umejaa chicha. “Toka. Kamwambie.”

“Mwambie wewe, shangazi. Mimi siwezi.”

“Mdomo uliosema umemwona ni wa nani? Kabla kuku hajachinjwa, Athumani. Toka!”

Kutoka jikoni mpaka uani ni hatua kama ishirini. Nimetembea sana katika maisha yangu, lakini sijawahi kutembea mwendo mrefu kama ule. Nilimkuta Bi Mwanajuma anapiga godoro vumbi kwa fimbo. Nikapiga magoti mchangani.

“Mama, sikumwona Salimu. Jina nililitoa katika daftari la zamani la mpira. Niliandika mwenyewe na sahihi nikaitia mwenyewe. Nilikuwa nataka pikipiki.”

Hakuelewa. Nikarudia. Akaiweka fimbo chini.

“Basi uliyemwandika,” alisema polepole, “ni jina tu?”

“Ni jina tu, mama.”

Hakupiga ukelele. Aliketi juu ya lile godoro, palepale juani, akalikunja gazeti mara mbili, akaliweka mapajani. Ni kijana mmoja aliyenirukia, na wazee wakamzuia. Mwanasha alikuwa ametoka mlangoni.

“Mimi mtu huyu nimemlilia miaka mitano,” aliniambia. “Nimemlilia nikamaliza. Wewe ukamrudisha kwa kalamu, na sasa unataka nimlilie tena leo, siku ya hina yangu. Hiyo pikipiki ilikuwa ya kwenda wapi, kaka?”

Kweli sikujua ilikuwa ya kwenda wapi.

Nikamgeukia ustadhi wa msikiti, aliyekuwa ameitwa. Nikamwomba harusi iendelee, kwa kuwa ukweli umejulikana. Akatikisa kichwa.

“Ulisema hukumtazama sana. Sasa unasema hukumwona. Kesho utasema nini? Watu wa Shirazi wamesoma gazetini kwamba mume yu hai, tena limeandikwa jina na kijiji. Na lifutwe gazetini, na aliyeandika ajitaje. Mpaka hapo mimi siozeshi.”

Mchoraji akafunga bakuli lake la hina. Mwanasha akarudi ndani na hina ya mkono mmoja.

Siku ile ile nilirudi Ukunda nikasimama mbele ya Bwana Zani. Nilidhani atanifukuza. Akanipa karatasi. “Andika mwenyewe,” alisema, “na uanze na jina lako.” Wiki iliyofuata yakatoka masahihisho ukurasa wa kwanza: majina kumi na moja ya uongo, na la kumi na mbili, la mwongo. Rama alilisoma kwa sauti kwa kinyozi, nami nimekaa kitini nimefunikwa shuka, nusu ya kichwa imenyolewa. Pikipiki akapewa yule mwalimu.

Mwanasha aliolewa Ijumaa ya wiki hiyo ya masahihisho. Shangazi aliniambia kwamba hina ya mkono wa kulia ilikuwa imeanza kupauka, na ya mkono wa kushoto ikawa mbichi, na kila mgeni aliyempa mkono aliiona tofauti. Mimi sikualikwa.

Ungedhani mambo yalikwisha hapo. Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kumjulia hali shangazi. Bi Mwanajuma akaja, akaketi karibu nami, tukaamkiana vizuri. Alipohakikisha hakuna anayetusikia, akaniinamia.

“Athumani, baba. Siku ile, hukumwona kweli? Au walikulazimisha useme hukumwona?”

Nikaapa. Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru. Nilipokwenda tena aliniuliza tena. Aliniuliza mpaka mwaka alioaga dunia, na shangazi alipokwenda kumwosha alilikuta lile gazeti chini ya mto wake, limechanika kwenye mikunjo.

Watu huniuliza kwa nini sikai mahali. Nimefanya kazi Tanga, nimefanya Kilifi, nimeshuka mpaka Pemba. Ni kweli miguu yangu haitulii. Lakini kila mji ninaoingia, kwanza naangalia kama kuna mtu anayechechemea.

Sasa nimefika miaka arobaini na kitu, nawaona vijana wa siku hizi mkiombwa majina katika simu: leta watu hamsini ushinde, jaza namba za jamaa zako upate zawadi. Juzi mpwa wangu aliniomba simu yangu achukue majina yote. Nikamnyima, akanuna. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya.

Mwanangu, usimtie mtu pale ambapo yeye mwenyewe hakutaka kuwamo. Hujui jina unaloliandika nani analingoja. Ukimtaja mtu, uwe umemwona na umemuuliza. Na ukishakosea, sema palepale, mara ya kwanza unapoulizwa, kabla godoro halijaanikwa. Mimi nilichelewa kwa sentensi moja tu, na sentensi ile ilimnyima mama usingizi mpaka kaburini.

Mungu akulindie ulimi wako na mkono wako. Jina lako lisitajwe ila mahali ulipo. Na siku ukitoka nyumbani kwenda mbali, akurudishe mzima, umkute anayekungoja bado yuko mlangoni. Amin.