Jani Nililompa Mzee Shirima

Niliacha shule darasa la tano, lakini ubishi sijauacha. Mzee Shirima wa Uru alikuwa amenipa kibarua cha kuchuma kahawa na kitanda cha kulala. Jumuiya iliposali uani kwake, nikaanza kubishana nao juu ya uzima wa milele.

"Hakuna anayemaliza siku bila dhambi," alisema mke wake, Mama Neema.

"Mimi hapa!" nikajigamba. "Tangu nifike kwenu sijatenda hata moja."

Jua lilikuwa kali. Nikachuma jani refu la sale kwenye uzio, nikampa mzee kwa mikono miwili ajipepee. Wote wakageuka kunitazama. Mimi mtu wa kuja, ningejuaje kwamba kwa Wachagga anayekupa jani hilo anakuomba msamaha, na huwezi kumnyima?

"Nimekusamehe, kijana wangu," alisema mzee taratibu. "Haya, umenikosea nini?"

Nikadhani Mungu amemwonyesha kila kitu. Nikakiri mbele ya jumuiya nzima kwamba mbege yake, ile pombe ya ndizi, nilikuwa naimaliza mimi kila akienda shamba.

Mama Neema akainuka.

"Baba Neema, si ulisema mlevi ni mimi? Na wewe kachume jani lako."