Nilivyomwita Mwongozaji Kaka

Diploma yangu ya utengenezaji wa filamu sikupewa na mjomba. Niliisomea London huku nikiogesha wazee, na hapa Tanga bado sijakutana na mwingine mwenye nayo.

Mitihani niliifaulu yote. Kilichobaki ni kufanya kazi kwenye filamu halisi. Bila hiyo cheti hakitoki. Nilihangaika mtaani kwetu Kilburn kama kuku anayetaka kutaga. Nesi wa Kikenya niliyepanga naye chumba aliniuliza kila jioni, "Mheshimiwa, Hollywood wamepiga simu?"

Mwishowe nikampata mwongozaji kutoka Paraguay, aliyekuwa akipiga filamu fupi mtaa wa Peckham. Kwao, alisema, dikteta alitawala miaka mingi, na kamera zilizoonekana ni za kumsifu yeye au za wageni waliokuja kupiga picha za misitu na kuondoka. Sasa vijana, kama wenzao wa Bolivia na Uruguay, walikuwa wameshika kamera ndogo za video, wanaonyesha filamu zao kwenye kuta za shule. Hata Kiguarani, lugha ya nyumbani, kilianza kusikika.

Akanipa maikrofoni. Asubuhi ya kwanza, katikati ya maneno ya mwigizaji, nikaona basi linakuja. Mwongozaji alikuwa ng'ambo ya barabara. Nikamwita kwa heshima zote: "Kaka! Kaka!"

Wenzake wakaangua kicheko. Akavuka, uso mwekundu.

"Umeniita nini?"

"Kaka. Ndugu wa kiume. Ni heshima."

"Kwetu ni mavi ya mtoto."

"Mwache," mpiga kamera akasema. "Amekufahamu upesi."

Nikaona cheti kinaniponyoka. Nikasema haraka, "Basi limeharibu sauti. Turudie."

Akavaa vipokea sauti vyangu vya masikioni, akasikiliza. Ngurumo tupu. Akanirudishia.

"Tunarudia," akawaambia wenzake. "Na wewe endelea kuniita utakavyo, mradi uniite."

Siku ya kunisainia kazi aliniuliza nani anapiga filamu kwa lugha yetu. Nikasema wapo, wachache.

"Sasa huku unangoja nini?"

Tangu hapo sikutulia. Kwenye treni nilisimama hata viti vikiwa vitupu. Kila mzee niliyemwogesha nilimwona kwenye fremu ya kamera, anazungumza Kiswahili. Cheti kilipotoka nikakata tiketi.

"Una akili kweli?" nesi akaniuliza nikifunga begi.

Nilikuwa nayo, na diploma juu yake.