Kaka na Dawa ya Ng'ombe

Kaka yangu, aliyenitangulia kwa tumbo moja, alianza kufa wakati watu walikuwa wakitoka Kiyeyi kuja kumtazama kifua. Nasema hili mapema, msomaji asije akadhani nasimulia sifa.

Alikuwa akipakia mifuko ya saruji Tororo. Mimi nilikuwa na baiskeli tu, nikivusha watu pale mpakani Busia kutoka kizuizi cha upande huu hadi cha upande ule, wanawake wakikaa upande na mizigo mapajani. Kazi ile ilimpa kaka mabega, lakini hayakumtosha. Katika duka la Mhindi mmoja aliona picha ya Mzungu aliyevaa chupi tu, misuli imemjaa kama viazi ndani ya gunia, na tangu siku hiyo tukampoteza. Alimimina saruji ndani ya madebe ya rangi, akachomeka chuma katikati, na kila Jumapili wenzake wakielekea kanisani yeye yuko nyuma ya nyumba yetu, Lunyo, ananyanyua. Katekista alimshtaki kwa mama. Mama akamwambia katekista na yeye akanyanyue, maana shati limemning'inia. Mama alikuwa na mdomo yule. Aliwahi kumfukuza chifu kwa ufagio kwa sababu ya kuku, na chifu ndiye aliyeomba radhi.

Narudi kwa kaka.

Mwaka ule wa Uhuru palikuwa na mtu akizunguka vijijini na mkoba wa sindano. Hakuwa bwana mifugo wa serikali, ni mtu aliyejifunza kwa kutazama. Ng'ombe aliyekondeshwa na ugonjwa alimdunga dawa ya mafuta, nzito kama ya simsim, na baada ya majuma machache mnyama anajaa mgongo. Dume letu la kulimia lilikuwa limebaki mifupa. Likadungwa, likarudi kwenye plau. Kaka alilizunguka dume lile, akalipapasa paja kama mnunuzi mnadani. Halafu akashusha suruali, akamwonyesha yule mtu tako.

Yule mtu alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha kucheka, akamdunga.

Dawa ilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Kifua kikagawanyika, shingo ikapotea. Baadaye akaongeza vidonge vilivyokuja na gari moshi kutoka Nairobi, akivimeza kama njugu. Miaka ikapita hivyo, sindano na vidonge, vidonge na sindano. Aliitwa kuonyesha mwili ukumbini Tororo, amepakwa mafuta, anang'aa, watu wanapiga meza. Nami nilijigamba kwa abiria wangu kwamba yule ni wa kwetu.

Lakini mgongo wake ulijaa majipu. Chuchu zikavimba kama za msichana, na wenzake wa saruji wakamuuliza atanyonyesha lini. Alimvunja mmoja taya. Hasira ile zamani hakuwa nayo. Shemeji, mkewe, alikaa miaka bila mimba, na mawifi wakamsema yeye, kwa sababu nani angemtazama mwanamume kama yule akasema tatizo liko kwake? Shemeji aliendelea na kazi zake. Ila siku moja akiosha vyombo aliniambia bila kuinua macho, "Shemeji, moyo wa ndugu yako unatikisa kitanda." Nikadhani ananitania.

Mimi mwenyewe niliogopa mara ya kwanza kwenye malwa. Kwa asiyejua, malwa ni pombe ya ulezi. Chungu kinakaa katikati, kinaongezwa maji ya moto, na wanaume wanakizunguka kila mmoja na mrija wake, mrefu kumpita mtu. Kuvuta mpaka pombe ipande kunataka pumzi kidogo tu. Wazee wasio na meno wanavuta. Mchana ule tulikuwa kwenye matanga ya jirani. Kaka akavuta. Akaachia. Akavuta tena, mishipa ya shingo imesimama.

"Mrija umeziba," akasema.

Mzee aliyekaa karibu naye akauchomoa, akaugonga kichujio cha nchani, akapuliza, akavuta. Pombe ikapanda. "Hauna neno, bwana mkubwa," akasema. "Labda pombe inaogopa misuli yako."

Watu walicheka. Kaka naye alicheka, midomo imekuwa ya zambarau. Mtu anayebeba mifuko miwili ya saruji kwa mara moja alikuwa amekosa pumzi ya kuvuta pombe ambayo babu wa watu aliivuta akisinzia.

Nilimsumbua mpaka akakubali twende hospitali. Daktari alisikiliza kifua muda mrefu, akamfunua macho, yalikuwa manjano, akambonyeza ini, akamuuliza habari za mkojo, ambao ulikuwa kama chai ya rangi. Akataka kujua anatumia nini. Kaka hakuona haya, akamwambia yote. Daktari akaeleza taratibu kwamba dawa inayojaza misuli haichagui misuli. Moyo nao ni nyama. Ulikuwa umenenepa, kuta zake zimekuwa ngumu, na sasa unatanuka kwa kuchoka, hausukumi damu sawasawa. Ini limechoshwa na vidonge, presha inakula figo.

"Ukiacha leo, sijui kama utarudi ulivyokuwa," akamwambia. "Usipoacha, najua."

Sasa hapa ndipo kosa letu, sisi watu wa ng'ombe. Kwetu mwili uliojaa ni habari njema. Mtu akirudi kutoka mbali, salamu ya kwanza ni kumwambia amenona. Kaka alifika nyumbani akatangaza kwamba daktari mwenyewe amekubali, hata moyo umekua. Wazee wakampa mkono. Yule mtu wa mkoba aliposikia alifurahi sana, akaona kazi yake imefika mpaka ndani. Mimi nilijaribu kueleza alivyosema daktari, nikaambiwa ninyamaze, mimi niliyeishia darasa la pili.

Halafu miguu ikaanza kujaa. Vifundo, kisha miundi, kisha mapaja. Kaka siku zote alilalamika kwamba miguu yake haifanani na kifua, kwa hiyo alifurahi. Wageni walimpapasa wakasema sasa ametimia. Akaomba dawa iongezwe, ikaongezwa. Kufika hapo alikuwa hawezi kuinama, na mama ndiye aliyemkata kucha za miguu. Siku moja akamshika juu ya kifundo, na alipoondoa kidole pakabaki shimo. Mama akalitazama. Halikujaa. Akabonyeza juu kidogo, pakawa na shimo jingine.

"Mwanangu," akasema, "hii si nyama. Haya ni maji."

Kaka akamjibu kwamba yatakauka.

"Basi yule mtu akija na mkoba wake, atanidunga mimi kwanza."

Mama hakupaza sauti. Kaka alikaa akiyatazama yale mashimo mguuni pake kana kwamba mguu ni wa mtu mwingine. Yule mtu alipokuja, kaka alitoka mwenyewe, ameshika ukuta, akamwambia aende akatafute ng'ombe.

Kwa hiyo aliacha. Misuli ikaondoka upesi kuliko ilivyokuja, mabega yakaanguka, ngozi ikabaki inaning'inia. Moyo haukupungua. Alilala ameketi, maana akilala chali alikuwa kama mtu anayezama. Hospitali walimpa dawa ya kutoa maji, nami ndiye niliyekuwa nikienda kuichukua.

Msimu wa kupanda niliichukua tena, nikafika nyumbani mchana, jua kali. Kaka na mama walikuwa barazani wakimenya karanga za mbegu, kila mmoja na ungo wake. Kaka alikuwa ameinamisha kichwa. Nikamsikia mama akimsema, si kwa ukali.

"Usilale, baba. Maliza kwanza hizo za mkononi."

Akaendelea kumenya zake. Alikuwa ameketi ubavuni pake, hamwoni usoni. Mimi nilikuwa nimesimama uani na chupa ya dawa, namwona kaka kwa mbele, macho wazi, kifua hakipandi.